Ni Nani Anayeupima Mwili wa Mwanamke?

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, nina jambo. Usinigombeze."

Yeye na wenzake wanne wa kazini walikuwa wamepanga kukaa siku mbili nyumbani kwa mmoja wao, bila waume na bila watoto. Wangetandika mikeka sebuleni na kufuata mafunzo ya yoga kwenye simu: kunyoosha viungo, kupumua taratibu, kukaa kimya, na kuandika kwenye daftari maneno mema juu ya miili yao. "Ni mafungo ya akina mama," akasema, "ila ya nyumbani. Tunajifunza kuikubali miili yetu na kutuliza mioyo. Lakini kanisani wameniambia yoga ni mashetani. Je, shangazi, ni dhambi?"

Kabla sijajibu, akaniambia mengine. Tangu azae mtoto wa pili hajajitazama kwenye kioo kuanzia shingoni kushuka chini. Kwa karibu mwaka mzima alijipaka mkorogo, mpaka ngozi ya mashavu ikaungua na kubaki na mabaka. Alipoacha mkorogo alianza kumeza vidonge vya kupunguza mwili, akawa halali usiku. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa ukumbini kwangu hapa Isikizya, na nikakumbuka Krismasi iliyopita. Alipoingia mlangoni, mbele ya watu wote, mimi ndiye niliyepaza sauti: "He! Mwanangu, umenenepa!" Watu wakacheka. Naye alicheka.

Makala hii ni jibu langu kwake. Nimeliandika kwa njia ya historia, kwa sababu sisi tunaoishi Tabora na Uyui tumejenga nyumba zetu kwenye njia ambayo miili ya wanawake ilipimwa kwa muda mrefu sana, na nadhani bado tunatumia mizani ileile.

Kwanza niseme kuhusu yoga yenyewe, ili tusihukumu tusichokijua. Ni desturi ya kale ya India. Ndani ya dini ya Kihindu ilikuwa, na kwa wengi bado ni, njia ya ibada inayotumia pumzi, mwili na fikra. Swami Vivekananda alianza kuwafundisha Wamarekani baada ya kuhutubia Bunge la Dini za Dunia huko Chicago mwaka 1893. Katika karne ya 20 watu wengi wa nchi nyingine waliichukua mikao yake wakaifanya mazoezi ya viungo, na Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Nilimwambia binti yangu hivi: kunyoosha mgongo si ibada ya mtu yeyote, lakini maneno unayoambiwa useme wakati mgongo unanyooshwa, ujue yanamwendea nani. Hilo mkristo analipima kwa dhamiri yake na kwa Neno. Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine: ni nani aliyemfundisha mtoto wetu kuuchukia mwili wake?

Tuanze na mzigo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ambayo wageni waliiita Kazeh au Unyanyembe, na kuendelea mpaka Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Wanyamwezi walijulikana kote kuwa wapagazi hodari. Kipimo kilikuwa frasila, yaani kama kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba mara nyingi frasila mbili. Mtu alipimwa kwa alichoweza kubeba.

Wanawake nao walikuwamo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na waume zao katika misafara, wakibeba vyungu, vyakula na malazi, na watoto mgongoni. Jioni, mwanamume alipotua frasila zake mbili akapumzika, mwanamke alitua wake akaanza kazi ya pili: kutafuta maji, kuni, kusaga na kupika. Mzigo wake haukuwa na frasila iliyoandikwa kwenye daftari la mfanyabiashara, kwa hiyo haukuhesabiwa.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilianza kwisha, na leo malori yanapita barabarani na shehena za tani nyingi. Lakini ndoo ya maji ya lita 20 bado ina uzito wa kilo 20, zaidi ya frasila moja, na ninyi akina mama mnaosoma hapa mnajua inakaa kichwani mwa nani. Kipimo cha kwanza, basi, kilisema hivi: mwili wa mwanamke una thamani kadiri unavyobeba.

Kipimo cha pili kilikuwa bei. Katika njia hiyohiyo walipita watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Si wote waliofikishwa pwani. Wengi walibaki hapahapa Unyanyembe wakilima mashamba ya mabwana zao. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kuna wazee kati yetu ambao bibi zao walizaliwa kabla ya mwaka huo.

Tunayo habari ya mwanamke mmoja wa wakati ule, aliyeitwa Bwanikwa. Alikuwa Mluba wa Katanga, nchi iliyotawaliwa na Msiri, na huyo Msiri alitoka huku kwetu, katika Wasumbwa wa magharibi ya Unyamwezi, akaenda huko kufanya biashara na akaishia kuwa mfalme. Bwanikwa alipokuwa bado mtoto, mke mmoja wa baba yake alifariki, na ukoo wa marehemu ukadai malipo ya kifo: watumwa watatu. Baba alikuwa na wawili. Akamtoa binti yake ili idadi itimie. Tangu hapo alipita mikono kwa mikono. Mmisionari Dugald Campbell, aliyeiandika habari yake, alisema alifanywa mtumwa mara kumi. Mume wake wa mwisho alimnunua kwa bunduki moja.

Jambo linalonifanya nimrudie Bwanikwa mara nyingi ni alichofanya baadaye. Alikuwa amekwisha kuwa mkristo, na mume wake hakuwa mkatili. Hata hivyo hakuridhika kuwa mke aliyenunuliwa. Alifinyanga vyungu, akauza, akaweka akiba, na mwishowe akamrudishia mume wake thamani ya ile bunduki. Kisha akaendelea kukaa naye, sasa akiwa mke huru. Mikono ileile iliyokuwa na bei ndiyo iliyoilipa bei hiyo ikaifuta.

Kipimo cha tatu ni cha ajabu zaidi. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa Tabora akitafuta wapagazi, kisha akaelekea kaskazini mpaka Karagwe kwa mfalme Rumanika. Huko aliona kwamba wanawake wa jamaa ya mfalme walinenepeshwa kwa maziwa, kwa kuwa unene ndio uliokuwa uzuri wao na heshima ya waume zao. Speke alimkuta mke wa kaka yake Rumanika akiwa mnene kiasi kwamba hakuweza kusimama mwenyewe. Alimpima kwa utepe, akaandika hesabu zote kitabuni, kitabu kilichotoka mwaka 1863. Mzunguko wa mkono wake ulikuwa futi 1 na inchi 11, karibu sentimita 58. Pembeni alikuwapo binti yake wa miaka 16 akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado tunajua unene wa mkono wa mwanamke yule. Jina lake hatulijui, kwa sababu Speke hakuliandika. Alipimwa na mumewe, aliyetaka awe mnene, na akapimwa na mgeni, aliyeshangaa unene wake. Hakuna kati yao aliyeandika kwamba alimwuliza kama mgongo unamuuma, au binti yake anaogopa nini.

Leo fimbo imegeuka. Karagwe ya wakati ule ilimlazimisha msichana anywe maziwa anenepe. Simu ya leo inamlazimisha binti yangu ameze vidonge akonde. Wakati ule ilikuwa maziwa, leo ni mkorogo, ambao mara nyingi una zebaki na haidrokwinoni, sumu ambazo serikali yetu imezipiga marufuku kwenye vipodozi. Umbo linalosifiwa linabadilika kila kizazi. Kisichobadilika ni kwamba mtu mwingine ndiye anayeshika utepe. Na siku ya Krismasi, mlangoni kwangu, aliyeushika nilikuwa mimi.

Je, Injili ilileta nini katika njia hii? Tuseme kweli yote. Shirika la Misioni la London lilifungua kituo Urambo mwaka 1879, katika nchi ya mtemi Mirambo, na mwaka 1898 Wamoraviani wakakipokea. Wamisionari wengi walikuja na utepe wao pia. Walitazama mavazi, shanga na ngoma za wanawake wetu, na mara nyingi waliona aibu mahali ambapo wenyewe hawakuona aibu. Sehemu ya ile haya nzito tunayowarithisha mabinti zetu, ya kutotaja mwili isipokuwa kwa kuukemea, tumeipata kanisani. Tusiifiche.

Lakini walileta kitu kingine pia. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa tangu karne ya 18 na desturi kwamba kila muumini, mwanamume na mwanamke, aandike habari za maisha yake, nazo zisomwe siku ya maziko yake. Fundi, mjakazi, mjane, kila mmoja alikuwa na maisha yanayostahili kusikilizwa. Desturi hiyo ilikuja nao Afrika. Katika Nyanda za Juu Kusini, Elise Kootz-Kretschmer aliketi na wanawake waliokimbilia vituo vya misioni, akaandika walivyosimulia. Ndivyo tunavyomjua bibi Narwimba. Ndivyo tunavyomjua Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo na kupita kwa watu mbalimbali. Mwanahistoria Marcia Wright alizichapisha habari zao mwaka 1993, pamoja na ile ya Bwanikwa.

Linganisheni. Mwanamke wa Karagwe ana vipimo na hana jina. Chisi hana vipimo, ana majina matatu, na ana maisha yaliyosimuliwa kwa kinywa chake. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipata mtu wa kukaa naye chini na kumsikiliza.

Na ule utulivu anaoutafuta binti yangu, nao una historia katika imani. Januari 1736 John Wesley alikuwa melini kuelekea Georgia, Marekani. Dhoruba ikapasua tanga kubwa na maji yakafunika meli. Waingereza walipiga mayowe. Kundi la Wamoraviani walikuwa katikati ya ibada, nao waliendelea kuimba. Baadaye Wesley aliwauliza kama hawakuogopa, kisha akauliza hasa juu ya wanawake na watoto. Akajibiwa kwamba hata wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa. Jambo hilo lilimsumbua Wesley kwa miaka, kwa kuwa yeye, padri, alikuwa ameogopa.

Mama yake Wesley, Susanna, alikuwa na dhoruba za aina nyingine. Alizaa watoto 19, karibu nusu wakafa wachanga, na mara nyingi nyumba haikuwa na fedha. Husimuliwa kwamba hakuwa na chumba cha faragha, kwa hiyo saa yake ya sala ilipofika alijifunika kichwa kwa aproni yake, na watoto walijua kwamba wakati huo mama hasumbuliwi. Hayo ndiyo mafungo ya nyumbani. Hayakuhitaji nauli wala ada. Yalihitaji kitambaa, na watu wa nyumba wanaokubali kungoja.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama yangu. Alilima tumbaku na mahindi, alichota maji, alizika watoto wawili. Jumapili alasiri, baada ya chakula, alitandika mkeka nyuma ya nyumba chini ya mwembe, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Siku moja nilimwuliza anafanya nini pale. Akasema, "Namwonyesha Mungu miguu yangu. Yeye ndiye anayejua imetembea wapi." Nilidhani ni mzaha. Sasa naona ilikuwa sala, na naona pia kwamba ilikuwa mara moja tu kwa juma mwili ule haukuwa ukimtumikia mtu.

Luka anatueleza, katika sura ya 13, juu ya mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, asiweze kujiinua. Alikuwa ndani ya sinagogi siku ya sabato. Yesu alimwona, akamwita, akaweka mikono juu yake, naye akanyooka. Mkuu wa sinagogi alikasirika: kazi ina siku sita, si sabato. Yesu akamkumbusha kwamba hata ng'ombe na punda hufunguliwa siku hiyo wakanyweshwe, sembuse huyu, aliye binti wa Ibrahimu. Angalieni mpangilio wa mambo. Bwana hakumwuliza amebeba nini, wala ana thamani gani, wala anaonekanaje. Alimpa jina la ukoo wake mbele ya watu wote. Na waliochukizwa na mgongo ulionyooka walikuwa watu wa ibada.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu hivi. Nilimwambia kwamba kutaka kuukubali mwili wake si dhambi. Mwili huo Mungu aliufuma tumboni mwa mama yake, kama Zaburi ya 139 inavyokiri, na Neno mwenyewe alifanyika mwili, akachoka, akaketi kisimani. Nilimwambia asihitaji kuchagua kati ya mkeka na Bwana wake. Kama maneno ya kwenye ile simu yanamwelekeza kwa mungu mwingine, aizime, atumie zaburi na kimya. Mgongo utanyooka vilevile. Kisha nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya Krismasi. Alikaa kimya, halafu akalia, na mimi nikalia.

Mwezi wa Juni alikuja Isikizya na wale wenzake wanne. Tuliwaalika na akina mama saba wa usharika wetu. Tulikuwa na mikeka, kanga, Biblia na madaftari. Jumamosi asubuhi jambo la kwanza kugombaniwa lilikuwa maji: nani atachota, nani atapika, ikiwa akina mama wote wamekaa? Mimi nilikuwa nimezungumza na wazee wa kanisa juma zima. Hawakufurahi wote. Mmoja alisema mafungo ni mazuri, lakini chai ya wageni itakuwaje. Hata hivyo asubuhi ile vijana watatu na mzee mmoja walikuja na baiskeli na madumu, wakajaza pipa. Ugali wa mchana ulipikwa na wanaume, nao ulikuwa na madonge. Tuliula.

Wapendwa, naona hapo ndipo lilipo jaribu letu. Ni rahisi kanisa kubishana juu ya yoga mwaka mzima. Ni vigumu zaidi kuuliza kwa nini mabinti zetu wanaitafuta, na kama tumewahi kuwapa saa moja ya kukaa bila mzigo. Tunawaita akina mama nguzo za kanisa, na nguzo hairuhusiwi kuketi. Usharika unaotaka wanawake wake wawe na utulivu moyoni utaanza na dumu la maji.

Mchana kila mwanamke alisimulia maisha yake, kwa jina lake kamili, na hakuna aliyemkatiza. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu alisema hajawahi kuulizwa. Binti yangu alisimulia wa mwisho. Alipomaliza alivua ushungi uliofunika mabaka ya mashavuni, akanyoosha miguu mkekani kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Nilitaka kusema neno, nikajizuia. Nilimsogelea tu, nikakaa karibu naye, na mimi nikanyoosha yangu.